Masika Mto Ulipopungua

Jumatatu, 3 Machi

Jesse, mhandisi wa mradi, amenipa daftari la kazi na kuniagiza niandike kila siku: kina cha maji, idadi ya taka, hali ya mashine. Hilo nitaliandika kama anavyotaka. Hili la pili nimelinunua mwenyewe hapa Pasua, chini ya mlima wetu, kwa sababu kuna mambo ambayo mhandisi anayekaa Dar es Salaam hahitaji kuyasoma, hasa yale ninayomfikiria yeye.

Mashine imeanza kazi leo. Ni safu ya mapipa ya bluu yaliyofungwa pamoja, yanaelea kutoka ukingo huu wa mto hadi ule, na chini yake unaning'inia wavu. Taka zinasukumwa na maji hadi pembeni, kwenye mkanda unaozunguka kwa umeme wa jua, nao unazibeba na kuzimwaga kizimbani. Juu ya nguzo kuna kamera inayopiga picha kila kitu na kuandika chini yake: plastiki, au si plastiki. Halafu inaandika kimenaswa, au kimepita. Katikati kuna lango ninalolifungua kwa simu.

Kinachopita hapa kinakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani, kisha baharini. Jesse anasema ukingoja kuokotea takataka baharini umeshachelewa. Mimi bahari nimeiona mara moja, Tanga, kwenye harusi, na sikuthubutu kulowesha hata vidole. Ila mashine nazijua, na hii nimeipenda.

Mdogo wangu Kindness anakaa hatua thelathini juu ya kizuizi, ukingoni kabisa. Amekuja na chai kuangalia. Kasema inafanana na kamba ya kuanikia nguo.

Ijumaa, 7 Machi

Chupa 212, nepi 19, kiatu kimoja. Jua kali.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha mlimani jana, na leo asubuhi mto ukatuletea salamu zake. Chupa za maji, chupa za soda, mifuko ya mbolea, ndala za mguu mmoja mmoja. Kamera ikawa inaandika plastiki, plastiki, plastiki, nami nacheka peke yangu kama mwehu. Kisha ikaandika si plastiki. Ulikuwa mgomba, umekatwa kwa mshazari ncha zote mbili. Ukafuata mwingine, na mwingine. Wa nne uliingia kwenye mkanda, mkanda ukakatika.

"Hii migomba inatoka wapi, sista?" Jesse akauliza kwenye simu. "Mbona haikuwepo kwenye utafiti?"

Nikasema inatoka mlimani, nikaishia hapo kwa aibu. Ile migomba naijua vizuri sana. Kwetu huko mlimani kila kiangazi wenye mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, wanauziba mto kwa migomba, mawe na majani ili maji yaingie mferejini. Mahali hapo tunapaita banio. Masika ikifika hakuna anayelibomoa. Linaachwa lichukuliwe na maji, na kiangazi kijacho linajengwa jipya. Tulipokuwa watoto tulipiga makofi likiondoka. Na kila tusichokitaka tulikitupa korongoni tukisema masika itabeba.

Kwetu kilichoshuka mto kimekwisha. Miaka yangu thelathini na minne sikujiuliza hata siku moja kinaishia wapi, na sasa ninalipwa mshahara kukaa kinapoishia.

Jumapili, 16 Machi

Nimepanda nyumbani. Nilikwenda kwanza kwa baba mkubwa Efraimu, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa mfongo na bila yeye hakuna anayegusa banio. Nilijua atanisumbua, na amenisumbua.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, Aikaeli. Nasikia siku hizi unavua chupa."

Nikamweleza yote. Akasikiliza huku anakata majani ya ng'ombe bila hata kuniangalia.

"Bahari inatuhusu nini sisi?" akasema. "Mimi nina miaka sabini na moja, sijawahi kuidai kitu, wala yenyewe haijanidai."

Nikakasirika. Nikamwambia kila kinachotupwa hapa kinanifikia mimi Pasua, na migomba yake imevunja mashine yangu wiki ya kwanza tu ya mvua, na wageni wakija watasema Wachaga hawana adabu. Mama mkubwa Eliona alitoka jikoni kuona nani anapandisha sauti. Baba mkubwa akabeba majani yake akaenda bandani. Nikadhani nimemkosea.

Baada ya ibada, wakati wa matangazo, akainuka na kofia mkononi. Akasema mtoto wao anawaomba kitu kidogo. Mwaka huu mabanio yote matatu ya mto hayataachwa yachukuliwe na masika. Yatajengwa upya, kwa nguvu, ili yashike migomba na plastiki huku huku juu. "Kuanzia leo," akasema, "hakuna kitu cha kwetu kitakachofika baharini." Usharika mzima ukapiga makofi.

Nimelia kidogo ndani ya gari la kurudi. Yule mzee nimemdhania vibaya miaka mingi.

Alhamisi, 20 Machi

Mtoto wa Kindness amechezea simu yangu akafungua lango. Taka za siku tatu zimekwenda zake. Nimemwomba Jesse aweke sharti: maji yakiwa chini ya alama ya kijani, sentimita hamsini, lango lisikubali kufunguka. Wakati wa maji machache hakuna sababu ya kulifungua. Amefurahi, kasema nina akili ya kihandisi.

Jumamosi, 29 Machi

Mama ameletwa kwa Kindness. Alivunjika nyonga mwezi uliopita na ana kliniki kila Jumatano, kwa hiyo atakaa Pasua hadi Mei. Hawezi kusimama bila watu wawili. Tumemwekea kitanda karibu na dirisha, anaona mto na mapipa yangu. Anasema mashine inampa usingizi.

Migomba haiji tena, chupa zimepungua. Baba mkubwa ametimiza neno.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua usiku kucha. Kina sentimita 84.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sentimita 77. Jesse ametuma picha ya vidole gumba vitatu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri, sikuweza kwenda kanisani. Sentimita 71. Nimepima mara mbili kwa fimbo nikidhani kifaa kimeharibika. Ni kizima.

Ijumaa, 11 Aprili

Mlinzi wetu Antoni ni mtu mzima wa Tarakea, hasemi sana. Leo amekaa juu ya jiwe lake na mwavuli, anaangalia mto kama mtu anayemngoja mdeni wake.

"Fundi," akaniambia, "mvua hii yote inakwenda wapi?"

"Ardhini," nikasema.

"Ardhi imeshashiba. Angalia." Akakanyaga, maji yakatoka pembeni mwa buti. "Kule kwetu kuna kijito kilinyamaza namna hii nikiwa kijana. Siku tatu kina mama walifua nguo katikati yake. Siku ya nne hapakuwa na mtu wa kuulizwa."

Nikamwambia aache kunitisha, nina kazi. Lakini baada ya hapo nilikaa dakika nyingi bila kazi yoyote. Sentimita 62 leo. Mto mweupe, safi, unaona mawe. Sijawahi kuona mawe yale mwezi wa nne.

Jumapili ya Mitende, 13 Aprili

Nimepanda kuyaona mabanio. Andika vizuri, Aikaeli, usijidanganye.

Banio la juu, la mfongo wetu, limekuwa ukuta. Wamepanga viroba vya udongo, migomba mizima mizima, nguzo za mkaratusi na waya wa senyenge. Ni refu kuliko paa la nyumba ya baba mkubwa. Nyuma yake korongo limejaa maji mpaka kwenye migomba ya jirani; majani ya chini yanaelea. Na juu ya maji kuna plastiki, tandiko zima, chupa zimekaa kimya zimebanana. Mabanio mengine mawili huko chini yake ni hivyo hivyo, madogo kidogo.

Wenye mfongo wote walikuwepo, wamevaa nguo za ibada, wananingoja niseme neno. Mama mkubwa alikuwa amepika mtori wa ndizi. Baba mkubwa akapita juu ya banio kwa miguu yake, akasimama katikati, akaruka kidogo kunionyesha kwamba halitikisiki.

Nilijua. Mimi ni fundi, najua uzito wa maji. Nikafungua mdomo niseme bomoeni, nikaziona zile nyuso, nikasema asanteni sana.

Nikamvisha baba mkubwa koti la mvua la mradi, la njano, zito, lenye vifungo vya chuma. Mama mkubwa akamfunga vifungo vyote hadi shingoni, watu wakacheka, wakasema anakwenda harusini.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia Jesse. Kasema hajawahi kuona takwimu nzuri hivi, mto uko salama, na wafadhili wanakuja Jumatano baada ya Pasaka kupiga picha za maji safi. "Wakishaondoka tutaongea na wazee wako vizuri, sista. Wiki moja tu."

Nikakubali. Ilikuwa rahisi kukubali, ndicho kinachonichoma.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Sentimita 49.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua. Sentimita 41. Mama kauliza kwa nini mto hausikiki.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Nimeshindwa kula. Nimempigia baba mkubwa, nikamtakia Pasaka njema, kisha nikamwambia wazi: baba mkubwa, tumekosea, mimi ndiye niliyekosea, mabanio yafunguliwe kidogo kidogo, la chini kwanza. Nilidhani atabisha.

"Hata mimi jana nimelisikia linaguna," akasema. "Sikutaka kukuvunja moyo. Leo ni Pasaka, vijana wamekunywa. Kesho asubuhi."

Mvua bado. Sentimita 33.

Jumatano, 23 Aprili

Naandika ya Jumatatu. Nisipoandika leo nitaanza kuyapanga yafae.

Saa tatu kasoro asubuhi nilikuwa kwa Kindness, namnywesha mama chai. Baba mkubwa akapiga. Nyuma yake nilisikia kitu kama lori linalopanda mlima, ila halifiki.

"Maji yamepita juu," akasema. "Na ndani linakatika. Vijana bado hawajafika."

Kwetu mkubwa wa mfongo ndiye anayelipiga banio panga la kwanza. Kujenga wanajenga wote, lakini kufungua, mkono wa kwanza ni wake, na wengine wanafuata. Nilijua hivyo. Nilijua kwamba nikimwambia afungue, hatamngoja mtu.

Nikamwambia, "Baba mkubwa, fungua taratibu."

Si kweli. Nilisema, "Fungua upesi, kabla halijapasuka lote." Nilikuwa namtazama mama kitandani na dirisha na mto. Nilisema upesi, mara mbili.

"Haya mwanangu. Naingia," akasema. Simu ikakatika.

Nikampigia kelele Kindness amtoe mama, aite majirani, nyumba zote za ukingoni watoke, nikakimbilia kwenye kizuizi. Nilijua kitakachotokea: migomba yote ya mabanio matatu itagonga mapipa yangu, itajipanga, na maji hayatakuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye vitanda vya watu. Nikabonyeza lango. Simu ikaandika: kina cha maji hakiruhusu. Nikabonyeza tena. Sharti nililoliomba mwenyewe. Nikampigia Jesse, hakupokea, ilikuwa sikukuu.

"Fundi, sogea," Antoni akasema. Alikuwa na panga lake, akavuka mto kwa miguu. Tukazikata kamba, yeye ukingo ule na mimi ukingo huu kwa panga la Kindness la kukatia majani. Ni kamba nene kama mkono wa mtoto, za nailoni, zinateleza. Nilikuwa naomba kwa sauti, sijui nilikuwa naomba nini. Kamba ya mwisho ikaachia, mapipa yakajikunja taratibu hadi ukingoni upande wa Antoni, na mto ukabaki wazi.

Kwanza ikaja harufu, ya udongo na majani yaliyooza. Kisha wale ndege wote wa kwenye matete wakaruka. Kisha ukaja.

Sitaueleza. Ulikuwa mweusi na una urefu wa mtu. Migomba ilikuwa imesimama wima ndani yake. Viroba, nguzo, senyenge, na plastiki ya msimu mzima, yote tuliyoizuia, ilipita mbele yangu kwa muda wa sala moja. Nilikuwa nimekumbatia nguzo ya kamera.

Watu wanne walikuwa wamembeba mama kwenye kiti cha plastiki hadi barabarani, na majirani walikuwa wamesimama pale na magodoro vichwani. Maji yalipanda hadi ngazi ya pili ya nyumba ya Kindness, yakakaa, yakashuka. Hakuna nyumba iliyoingiliwa. Hakuna mtu Pasua aliyepotea. Watu wakanipigia makofi. Mwenyekiti wa mtaa alinishika mikono akasema nimeokoa roho za watu.

Simu ikalia, ni mama mkubwa Eliona. Hakunisalimu. Akasema, "Aikaeli, umemwona baba yako huko?"

Alhamisi, 24 Aprili

Wanamtafuta korongoni. Vijana wamefika hadi banio la tatu, au mahali lilipokuwa. Wamepata panga lake limekwama kwenye mti. Mvua imekatika, jua linawaka kama hakujatokea kitu.

Ijumaa, 25 Aprili

Kamera haikuharibika. Betri yake iko juu ya nguzo, na muda wote ule ilikuwa inapiga picha. Leo nilipata ujasiri wa kuzifungua. Mgomba, si plastiki, umepita. Nguzo, si plastiki, imepita. Chupa, chupa, chupa.

Saa nne na dakika kumi na tisa asubuhi kuna picha moja. Nimeitazama mpaka macho yakaniuma. Ni koti la njano, vifungo vimefungwa hadi shingoni, na mkono mmoja. Chini yake mashine imeandika: plastiki, imepita.

Ilimhesabu. Ilimwona njano ikamhesabu.

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Kama kamba zingekuwepo, wavu ungemshika. Angekuwa nyumbani sasa.

Jumatano, 30 Aprili

Wazee wameamua kaburi lichimbwe. Limechimbwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya babu na mtoto wa kwanza wa baba mkubwa, na matawi ya masale yamekatwa yakawekwa tayari kupandwa pembeni. Hawataki kulifukia bila mtu. Vijana wanaendelea kutafuta korongoni kila siku, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba alishashuka mlima.

Sijamwambia mtu. Kindness nusura nimwambie. Mama ananiita mkombozi wake mbele ya wageni, na mimi nainamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu.

Jumamosi, 3 Mei

Jesse amekuja mwenyewe. Alinipa pole kwa dhati, alilia hata, sikutegemea. Kisha akaomba takwimu za ripoti. Plastiki iliyopita siku ile: vipande 4,207. Anasema dunia lazima ijue hasara.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imerudi. Kaburi limeingia maji. Wamelifunika kwa turubai.

Jumapili, 11 Mei

Nimepanda asubuhi kabla ya ibada. Mama mkubwa alikuwa amekaa kando ya kaburi juu ya udongo uliochimbwa, anachambua maharage. Anafanyia kazi zake zote pale siku hizi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba." Akanisogezea nafasi. "Aikaeli, wewe umesoma. Ule mto unaishia wapi?"

"Unaingia bwawani Nyumba ya Mungu, mama. Halafu Pangani."

"Halafu?"

"Baharini."

Akachambua kidogo. "Na yeye alisimama kanisani akasema hakuna cha kwetu kitakachofika huko."

Hapo nikashindwa. Nikatoa simu, nikamwambia yote, kamba, panga, upesi mara mbili, na kwamba ningeacha kamba ungemshika wavu. Nikamwonyesha picha. Nilidhani atapiga yowe, nikajiandaa. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza machoni, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Akagusa shingo ya lile koti kwa kidole.

"Havijafunguka," akasema. "Nilivifunga mimi."

Tukakaa. Ng'ombe alikuwa analia bandani, hakuna aliyempa majani. Kisha akaona yale maandishi chini ya picha. Kusoma kwake si kwingi, na miwani aliiacha ndani.

"Hapa wameandika nini?"

Ningeweza kusema chochote. Nikasema, "Wameandika plastiki, mama."

Aliniangalia mimi sasa, siyo simu, na macho yake hayakuwa na hasira, ndiyo maana sikuweza kuyatazama.

"Waambie wafute," akasema. "Waandike Efraimu. Halafu waite vijana kule korongoni, walifukie hili kaburi."

Nikamwandikia Jesse pale pale, tukiwa bado tumekaa juu ya udongo. Nikamwambia vipande vilivyopita ni 4,206.